Macho Yenye Kuona Kazi ya Mungu
Fundisho kwa wakatekumeni



Siku ile Bwana wetu alipoketi mlimani na kuwafundisha watu, aliwaagiza jambo moja ambalo hata mtoto mdogo aweza kulitimiza: kutazama. Aliwaelekeza kwa ndege warukao juu, wasio na jembe wala ghala. Akawaelekeza kwa maua ya porini, yasiyojua kusokota uzi. Mwinjili Mateo amelisimulia jambo hilo katika sura ya 6. Nao waliomsikiliza hawakuwa watu wa starehe. Walikuwa wakulima na wavuvi, watu waliotozwa kodi na watawala wageni, wenye mashaka juu ya chakula cha kesho na nguo za watoto. Watu wenye mioyo mizito namna hiyo, Mwokozi aliwainua macho kwanza.

Fundisho hili lataka kueleza kwa nini alifanya hivyo, na jinsi mkatekumeni wa Lwiro, wa Katana, wa Kavumu au wa Miti awezavyo kumtii, hata asubuhi ya leo kabla ya kushika jembe.

1. Vitu vilivyo mbele ya mlango

Mtu asimamaye Lwiro wakati wa mapambazuko ana vitu viwili vikubwa. Nyuma yake, upande wa magharibi, msitu wapanda kuelekea mlima Kahuzi, ambao kilele chake chafika mita 3,308. Mbele yake, upande wa mashariki, ziwa Kivu limelala kimya, na jua hutokea ng'ambo ya kisiwa cha Idjwi. Katikati ya msitu na ziwa ndipo watu waishipo: migomba, maharagi, mashamba ya chai, mistari ya mikaratusi, na moshi wa asubuhi utokao katika nyumba.

Watu wa mbali wameitafuta nchi hii. Chuo cha utafiti kilichoitwa IRSAC kiliundwa mwaka wa 1947, na Wabelgiji wakakijengea Lwiro majumba makubwa yaliyozungukwa na bustani na miti. Majumba hayo yangaliko, nayo sasa ni Kituo cha Utafiti wa Sayansi za Asili. Mwaka wa 1970 msitu wa Kahuzi na Biega ulifanywa hifadhi ya taifa, na mwaka wa 1980 UNESCO ikauandika miongoni mwa mali za urithi wa dunia nzima. Mwaka wa 2002 kilianzishwa Lwiro kituo cha kuwalea sokwe walionyang'anywa mikononi mwa wawindaji na wachuuzi. Wanyama hao, waliofika wakiwa na vidonda na huzuni ya kupoteza mama zao, hupewa wenzao na mahali penye miti, kwa kuwa hata mnyama hawezi kupona vema katika sanduku lenye giza.

Lakini mwenyeji wa nchi huona nini? Mtazameni mama arudiye sokoni Katana. Mgongoni ana mzigo wa mihogo au gunia la makala, na kamba ya mzigo imepita kwenye paji la uso. Kamba ile humvuta kichwa chini. Macho yake huona tope, jiwe, na kisigino cha mwenziwe aliyetangulia. Ziwa liko kando yake lakini halioni. Mlima uko mbele yake lakini hauoni. Hakufanya dhambi yoyote. Mzigo ndio uliomwinamisha.

Kuna na kamba nyingine isiyoonekana, ifungwayo na hofu. Tangu mwaka wa 1996 vita vimepita mara nyingi katika vilima hivi, na mwaka wa 2025 mapigano yalifika tena Kavumu na Bukavu. Wengi wamezika ndugu, wengi wamekimbia usiku. Mtu wa namna hiyo huweza kuketi mbele ya ziwa lote asilione, kwa maana moyo wake ungali unatazama mambo yaliyopita. Fundisho hili ni lake yeye kwanza.

2. Ushuhuda wa wenye elimu

Mtu atasema: Kutazama miti ni kazi ya wasio na kazi. Je, miti yaweza kumponya mtu?

Basi, na asikie habari hii. Katika hospitali moja ya jimbo la Pennsylvania, nchi ya Marekani, walikuwako wagonjwa waliopasuliwa ili waondolewe kifuko cha nyongo. Vyumba vya hospitali ile vilifanana, isipokuwa kwa jambo moja: madirisha mengine yalielekea miti, na mengine yalielekea ukuta wa matofali. Mtaalamu aitwaye Roger Ulrich alichukua maandiko ya wauguzi ya miaka kutoka 1972 mpaka 1981. Akachagua wagonjwa 46, akawapanga wawili wawili waliolingana kwa umri na kwa mambo mengine, mmoja wa dirisha la miti na mmoja wa dirisha la ukuta. Mwaka wa 1984 akatangaza aliyoyaona. Waliotazama miti walirudi nyumbani mapema zaidi, kwa kadiri ya karibu siku moja. Waliomba dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Tena wauguzi hawakuandika mara nyingi kwamba wamelia au wamekata tamaa. Kisu kilikuwa cha namna moja, dawa zilikuwa za namna moja; tofauti ilikuwa kile walichokiona walipogeuza kichwa juu ya mto.

Katika nchi ya Ujapani, tangu mwaka wa 1982, wakubwa wa misitu waliwahimiza watu waliochoshwa na miji waende kutembea polepole kati ya miti, na waganga walipowapima wengi wao wakakuta mapigo ya moyo yametulia na nguvu ya damu imeshuka. Huko Uingereza, mwaka wa 2019, wataalamu walitangaza habari za watu karibu 20,000: wale waliopata dakika 120 au zaidi kila juma mahali penye miti, mashamba au maji, walisema mara nyingi zaidi kuliko wengine kwamba afya yao ni njema na mioyo yao imeridhika.

Ni haki kusema pia kwamba wengi wa waliopimwa ni watu wa nchi tajiri, walalao bila kusikia bunduki. Wala wenye elimu hawakusema kwamba mti huondoa malaria au hujaza chungu kitupu. Walisema jambo dogo, nalo ni kweli: jicho lionapo uhai, mwili hupumzika, na mwili uliopumzika hupigana na ugonjwa kwa nguvu zaidi. Dakika 120 za juma moja ni dakika 17 kwa siku, au kupita kidogo. Mkulima wa Lwiro huzipita nyingi zaidi ya hizo kati ya majani mabichi. Kinachompungukia ni kutua mzigo na kuinua kichwa.

3. Neno la Mungu lilitangulia

Wenye elimu waliyapima hayo juzi. Maandiko Matakatifu yaliyajua tangu ukurasa wa kwanza.

Mkatekumeni asome katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, mstari wa 9. Pale yaelezwa kwamba Mungu aliotesha bustanini miti ya kila namna, na miti hiyo imesifiwa kwa mambo mawili. La kwanza, ilipendeza kutazamwa. La pili, ilifaa kuliwa. Angalieni utaratibu huo! Macho yametajwa kabla ya tumbo. Muumba hakumtayarishia Adamu ghala tu, alimtayarishia bustani. Alijua kwamba kiumbe aliyefanywa kwa mwili na roho hashibi kwa ugali peke yake, na kwamba uzuri ni chakula cha upande ule wa mtu usiotafuna.

Tena asome habari za nabii Elia katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Elia alikuwa mtu hodari, lakini siku ile alikuwa akikimbia kifo, naye alichoka mpaka akamwomba Mungu amwondoe duniani. Mungu alimtendea nini? Hakumkemea. Alimwacha alale chini ya kijiti cha jangwani. Akampelekea malaika na mkate na maji, mara ya kwanza na mara ya pili. Ndipo akamwongoza mpaka mlimani, na huko mlimani Mungu alipita, wala hakuwa katika upepo wa nguvu wala katika tetemeko wala katika moto. Baada ya moto, Elia alisikia sauti tulivu. Kivuli, usingizi, chakula, safari, mlima, ukimya: hiyo ndiyo dawa Mungu aliyompa mtu wake aliyevunjika moyo. Aliyekata tamaa leo asijidharau. Nabii alipita njia ileile.

Naye Mwokozi mwenyewe, baada ya kuwaponya wagonjwa mchana kutwa, alipanda mlimani peke yake kusali. Alipoingia katika mateso yake aliingia kwa mlango wa bustani, pale Getsemani kwenye mizeituni. Alizikwa katika bustani, na katika bustani alifufuka, hata Maria Magdalena akamdhania kuwa ndiye mtunza bustani. Mti wa bustani ya kwanza uliletewa watu huzuni kwa ajili ya dhambi. Mti wa Msalaba, uliokauka na kuchongwa, umezaa uzima wa milele. Mkatekumeni anayejiandaa kwa maji ya Ubatizo asiudharau mti wala maji, kwa maana Mungu amevitumia vyote viwili kumwokoa.

4. Mfano wa mtu na mkuyu wake

Ufuatao ni mfano, uliotungwa ili jambo lieleweke.

Mkatekumeni mmoja alikuwa na mke na watoto wanne, na shamba dogo la kiteremko. Nduguye aliuawa wakati wa vita. Tangu hapo usingizi ulimwacha. Usiku alisikiliza kila mbwa alipobweka. Mchana aliketi ndani, mlango umefungwa, hata watoto wakajifunza kutembea kwa vidole. Katika mafundisho ya katekisimu alikuja mara moja akakosa mara tatu.

Kando ya ua wake ulisimama mkuyu wa zamani, uliopandwa na babu yake. Njiwa walilala humo. Mwaka ulipofika wa kumwingiza mtoto wake mkubwa darasa la juu, fedha ya shule haikupatikana, na mchuuzi wa makala akaja akauzunguka mkuyu ule mara mbili, akataja bei. Yule mtu akakubali. Wakaagana kwamba siku ya Jumatatu shoka litaletwa.

Jumapili baada ya Misa, mzee aliyekuwa msimamizi wake wa ubatizo alimfuata nyumbani. Akamkuta ndani, mlango umefungwa.

Mzee akasema, "Mwanangu, nisaidie kubeba kiti. Miguu yangu yataka jua."

Wakatoka na viti viwili, wakaketi chini ya mkuyu, nyuso zao zikielekea ziwa. Mzee hakusema neno kwa muda mrefu. Njiwa walikuwa wakirudi. Upande wa Idjwi wingu lilikuwa likimwaga mvua, na mvua ile ilionekana yote, kama pazia.

Yule mtu akasema, "Baba, mti huu kesho unakatwa."

"Nimesikia. Kwa nini unakatwa?"

"Kwa shule ya mtoto."

"Shule ni kitu chema. Na chini bondeni unayo mikaratusi mingapi?"

"Saba, Baba. Lakini bado ni membamba. Mnunuzi hatatoa hata nusu."

"Mikaratusi uliipanda wewe ili uiuze. Mkuyu huu hukuupanda. Nusu ni nusu. Kwa nusu ya pili utaingia likelemba pamoja na watu wa kanisa dogo letu. Mtoto atachelewa juma moja. Atafunga mdomo wa mwalimu kwa bidii yake." Kisha mzee akanyamaza tena kidogo, akasema, "Tangu tulipokaa hapa, mwanangu, hujageuka kutazama mlango wako hata mara moja."

Yule mtu akashangaa, kwa maana ilikuwa kweli.

Basi wakapatana hivi: kila asubuhi, kengele ya Malaika wa Bwana itakapolia, yule mtu atatoka nje, ataketi chini ya mkuyu, atafanya Ishara ya Msalaba, atamtajia Mungu vitu vitatu avionavyo, na jina la nduguye marehemu. Tena mzee akamtaka aende zahanati, amweleze mwuguzi habari za kutolala kwake, wala asione haya. Akaenda.

Hakupona siku ile, wala mwezi ule. Mikaratusi ilileta nusu ya fedha kama alivyosema, na mtoto akachelewa kuanza, siku kumi. Lakini mke wake aliona mlango unafunguliwa mapema. Kisha akasikia mumewe akiwaita watoto waje waone jinsi ukungu unavyopanda kutoka ziwani. Masika yaliyofuata alipanda miche minne ya mikaratusi bondeni kwa kila mmoja alioukata. Na siku ya Ubatizo, Padri alipommiminia maji, njiwa wa mkuyu hawakuwako kanisani; lakini yeye aliwakumbuka, kwa kuwa chini yao ndipo alipojifunza kwanza kumshukuru Mungu tena.

5. Makosa matatu ya kuepukwa

Kosa la kwanza ni kukiabudu kiumbe. Wahenga wengine waliogopa mti mkubwa au jiwe la mlimani, wakapeleka matambiko huko. Kitabu cha Hekima, katika sura ya 13, chawahurumia watu walioshikwa na uzuri wa moto, wa nyota na wa maji hata wakaviita miungu. Lakini chawalaumu pia, kwa sababu uzuri wa kazi ulipaswa kuwafikisha kwa Fundi. Mkristu aupendaye mlima Kahuzi hauombi kitu. Humshukuru Yule aliyeusimamisha. Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliliita jua kaka na mwezi dada, hakuviita mungu. Naye aliimba sifa hizo karibu na mwisho wa maisha yake, akiwa mgonjwa na macho yake yakielekea upofu. Mtu huyo aliagiza kwamba sehemu moja ya bustani ya watawa iachwe bila kulimwa, ili maua ya porini yaote humo, na kila ayaonaye ainue moyo kwa Mungu. Alifariki mwaka wa 1226, na mwaka wa 1979 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa msimamizi wa wote wenye kutunza viumbe.

Kosa la pili ni kuzikimbia dawa. Miti hutuliza moyo, lakini mtoto mwenye homa apelekwe hospitali leo, si kesho. Mtoto mwenye miguu iliyovimba na nywele zilizogeuka rangi ana njaa ya vyakula vya kujenga mwili; asiketishwe kivulini, apelekwe kwa waganga. Katika nchi hii hata dawa na mti ni ndugu: gome la mkwinini lililopandwa katika vilima vya Kivu limetoa kwinini ya kutibu malaria. Mungu aliuweka uzuri katika majani na dawa katika gome, naye apewe sifa kwa vyote viwili.

Kosa la tatu ni kupenda msitu na kumdharau jirani. Wambuti na Watwa waliishi katika msitu wa Kahuzi tangu zamani, wakijua majani yake na asali yake. Hifadhi ilipoundwa, katika miaka ile ya 1970, waliondolewa humo, na wengi wao mpaka leo hawana shamba la kutosha kando ya vijiji vya wengine. Mtu asiwacheke. Waliachishwa siku moja kila kitu ambacho macho yao yalikizoea, na fundisho hili limekwisha kuonyesha jinsi jambo hilo lilivyo gumu kwa mwili na kwa moyo. Sokwe yatima anahurumiwa Lwiro, na ni vema. Je, mtoto wa Mtwa aketiye nyuma ya darasa hastahili huruma zaidi, yeye aliyenunuliwa kwa Damu ya Kristu?

6. Atazamaye apaswa kutunza

Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka wa 2015, aliwafundisha wakristu wote kwamba dunia ni nyumba moja, na kwamba kilio cha ardhi na kilio cha maskini havitenganiki. Watu wa Kivu wamekisikia kilio hicho kwa masikio yao. Mwezi wa Mei mwaka wa 2023, katika wilaya ya Kalehe, jirani kabisa upande wa kaskazini, mvua kubwa ilishuka. Mito ikabeba mawe na udongo, ikaingia Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakafa. Mvua ni kazi ya mawingu. Lakini kiteremko kilichonyolewa miti hakina kitu cha kushikilia udongo wake, na hiyo ni kazi ya shoka.

Basi asiseme mtu: Miti yangu mitatu ni nini? Huko Kenya, mwaka wa 1977, mama mmoja aliyelelewa katika shule za misioni za Kikatoliki, Wangari Maathai, alianza na miche saba tu. Wanawake wa vijijini wakamfuata, na miti waliyoipanda ikafika mamilioni. Mwaka wa 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Wengi wa wanawake wale hawakujua kusoma. Walijua kuchimba shimo, kumwagilia, na kungoja.

Haikatazwi kukata mti. Chungu chataka moto, na nyumba yataka nguzo. Lakini mti wa kukatwa upandwe kabla haujahitajiwa, na katika kila ua ubaki angalau mmoja usiouzwa, kwa ajili ya ndege, kwa ajili ya wagonjwa wa nyumba hiyo, na kwa ajili ya macho ya watoto.

Maazimio ya mwezi

Kwanza: kila siku, kengele ya Malaika wa Bwana iliapo, mkatekumeni atue mzigo wake, hata kama ni kwa muda wa sala tatu tu. Aiondoe kamba kwenye paji la uso, ainue macho, amshukuru Mungu kwa kitu kimoja akionacho.

Pili: katika nyumba yenye mgonjwa au mzee asiyeweza kutembea, kitanda chake kielekezwe mlangoni au dirishani, aone mgomba, mbingu na watu. Asiyekuwa na dirisha achukuliwe nje asubuhi. Tendo hili halina gharama, nalo ni tendo la huruma.

Tatu: kila mkatekumeni apande mti mmoja kabla ya siku ya Ubatizo wake, na auite kwa jina la mtakatifu atakayemchagua.

Maulizo na majibu

Ulizo: Kwa nini Mungu aliumba vitu vizuri?
Jibu: Mungu aliumba vitu vizuri ili vimtukuze Yeye, vimsaidie mtu katika mwili na roho, na vimwongoze amjue Muumba wake.

Ulizo: Je, kutazama viumbe kwaweza kuusaidia mwili?
Jibu: Ndiyo. Kwa kuwa mwili na roho ni mtu mmoja, jicho lionapo uzuri, moyo hutulia, na mwili hupata nafuu pamoja nao.

Ulizo: Je, yafaa kuabudu mlima au mti?
Jibu: La. Mungu peke yake ndiye wa kuabudiwa. Viumbe vyapaswa kutazamwa kwa shukrani na kutunzwa.

Ulizo: Mtu mwenye huzuni nyingi afanye nini?
Jibu: Asijifungie peke yake. Atoke nje, atazame kazi ya Mungu, asali, amweleze mtu mwaminifu, na aende kwa waganga ikihitajika.

Sala

Ee Mungu Mwenyezi, uliyeuinua mlima Kahuzi na kulijaza ziwa Kivu, uwainue macho watu wako walioinamishwa na mizigo. Wape usingizi wale waogopao usiku. Wape wagonjwa mlango wenye nuru. Wakatekumeni wako uwalinde mpaka siku ya maji matakatifu, na baada ya maisha haya uwaingize katika bustani isiyo na shoka wala vita, wakuone Wewe, Uzuri wenyewe. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.